Pawatila ya Zamani Haiwaki: Mwongozo Kamili wa Kuifufua na Kuitunza Nyumbani

Maji yakishafunguliwa mferejini na majaruba kuanza kulowa, swali ninaloulizwa ni lile lile. Pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, ililazwa tangu mavuno, leo imepigwa hendeli mpaka mabega yamechoka, na haiwaki. Mara nyingi nikifika nakuta silinda hedi (kifuniko cha silinda) tayari iko chini juu ya gunia, pistoni imetolewa, na mwenye mashine ameshalipia ringi (pete za pistoni) mpya. Kumbe tangi la mafuta lilikuwa na maji ya kujaza kikombe.

Mwongozo huu una mpangilio, nakuomba usiuruke. Tunaanza na kinachosafishwa, tunakwenda kwenye kinachorekebishwa, na kununua kunakuja mwisho. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche. Inataka vitu vitatu tu ili iwake: hewa safi, mafuta yasiyo na maji wala hewa ndani yake, na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Kila hatua hapa inakagua mojawapo ya hivyo vitatu, au inalinda injini isijiharibu ikishawaka.

Nazungumzia pawatila zenye injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, inayopozwa kwa maji na kuwashwa kwa hendeli, kama zile tunazoziona Mbarali, Kilombero na Dakawa. Vipimo nitakavyotoa ni vya injini ya S195, yenye nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Ndugu zake zinafanana nayo kwa umbo lakini vipimo vinaweza kutofautiana, kwa hiyo soma kwanza kibati kilichopigiliwa kwenye injini yako na kitabu chake kama bado unacho.

Vitu vya kuandaa

- Spana za namba 8 hadi 24, na uwe na mbili mbili za namba 17 na 19
- Bisibisi bapa, praya, nyundo ndogo na kipande cha mbao
- Fila geji ya kupimia nafasi za valvu
- Dizeli safi lita 5, na nyingine lita 2 za kuoshea
- Oili ya injini, 15W-40 au SAE 40, na oili ya gia
- Filta mpya ya mafuta
- Washa (pete bapa) za shaba, za nozeli (kifaa kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini) na za mabomba ya mafuta
- Chupa ya plastiki isiyo na rangi, karai mbili, brashi, sabuni ya unga
- Fulana kuukuu za kufutia; usitumie matambara yanayoacha nyuzi
- Grisi
- Blanketi kuukuu au gunia nene lililokunjwa, liwe mahali mkono unafika. Sababu yake utaikuta kwenye hatua ya 9

Fanya kazi kwenye sakafu ngumu, nje au mlango ukiwa wazi, gurudumu limezuiwa kwa jiwe na gia ikiwa huru. Watoto wakae mbali.

Hatua ya 1: Ioshe kabla ya kugusa nati

Tope la jaruba likikaukia kwenye injini huwa gumu kama tofali. Ukifungua bomba la mafuta likiwa na tope, chembe moja inaingia kwenye pampu ya dizeli. Plunja ya pampu hiyo, kile kijiti kinachosukuma mafuta, imesagwa kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba hata unywele hauwezi kupita kati yake na ala yake. Chembe ya mchanga inaichora, na ikishachorwa haiponi.

Ziba njia ya hewa na mdomo wa ekzosi kwa mfuko wa plastiki na mpira. Osha kwa sabuni na brashi, suuza, acha ikauke kabisa. Kisha izunguke ukiiangalia. Sehemu iliyokauka na baada ya muda ikalowa tena ndiyo inayovuja, na ukiiweka alama ya chaki sasa hivi utajipunguzia kazi ya kuitafuta baadaye.

Hatua ya 2: Pima kompresheni kwa mikono yako

Funga koki ya tangi la mafuta. Dikompresha, ule mkono mdogo unaozuia valvu isifunge ili injini izunguke kirahisi, iwe imeachiwa. Shika flaiwili (lile gurudumu zito la pembeni mwa injini) kwa mikono miwili uizungushe taratibu kwa mwelekeo wake wa kawaida. Kuna mahali itakuwa nzito ghafla, kama unasukuma mlango ambao mtu ameuegemea kwa ndani. Ukiilegeza pale, flaiwili inarudi nyuma yenyewe.

Ikirudi kwa nguvu, kompresheni ipo, na silinda hedi haifunguliwi leo. Hiyo dakika moja inaokoa pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu.

Ikipita bila uzito, sikiliza upepo unakotokea. Mlio wa "sss" kwenye chujio la hewa unasema valvu ya kuingiza haifungi vizuri. Ukitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ukitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Tangi la maji likitoa mapovu unapozungusha, ni gasketi ya silinda hedi.

Mashine iliyolala muda mrefu huweza kuwa na ringi kavu tu, si mbovu. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye njia ya kuingiza hewa, izungushe mara kumi, kisha pima tena. Uzito ukirudi, zilikuwa ringi. Usizidishe kijiko hicho: oili haibanwi kama hewa, na ikijaa juu ya pistoni inaweza kukunja konrodi, mkono unaoshika pistoni.

Na kama flaiwili haisogei kabisa? Toa nozeli, mimina mchanganyiko wa dizeli na oili, lala nayo siku mbili, kisha itikise mbele na nyuma kwa mikono. Usiipige nyundo, wala usiifunge kamba kuivuta kwa gari.

Hatua ya 3: Soma oili, kisha uibadilishe

Toa kijiti cha kupimia na ukiangalie juani. Oili nyeusi ni ya kawaida kwa dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, na chanzo chake mara nyingi ni mipira ya slivu (ala ya chuma ambamo pistoni inakwenda na kurudi) au gasketi ya silinda hedi. Oili nyepesi inayonuka dizeli na kuzidi alama ya juu imeingiliwa na mafuta kutoka kwenye pampu au nozeli inayochuruzika. Kwa hali hizi mbili za mwisho usiwashe kabla ya kurekebisha chanzo.

Mwaga yote. Toa chujio la wavu, lioshe kwa dizeli, lirudishe. Jaza mpaka kati ya alama mbili za kijiti, mashine ikiwa imesimama sawa. Kuanzia hapo badilisha kila baada ya saa 100 za kazi. Ukiwa huna saa ya kuhesabia, andika ekari kwa kalamu ukutani. Kwa mtu mmoja na mashine moja hesabu hiyo inatosha.

Hatua ya 4: Chujio la hewa

Nyingi za injini hizi zina chujio lenye bakuli la oili chini. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa. Kosa ninalolikuta sana ni bakuli kavu, au lililojazwa tope lililoganda. Injini inayovuta vumbi hula slivu na ringi kwa msimu mmoja tu.

Fungua, mwaga, osha wavu kwa dizeli, kung'uta, weka oili mpaka kwenye mstari wa ndani ya bakuli. Usipite mstari huo, maana oili iliyozidi huvutwa ndani ya injini na kuungua kama mafuta. Siku za kuvuta tela barabara ya vumbi likague kila jioni.

Hatua ya 5: Mafuta, na hapa ndipo wengi tunaposhindwa

Dizeli iliyokaa kwenye tangi nusu tupu hukusanya maji. Hewa ya ndani inapopoa usiku, unyevu unaganda kwenye kuta za bati na kudondoka. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa, pale pale bomba linapochotea.

Mwaga sehemu ya chini ya tangi kwenye ile chupa isiyo na rangi. Iache imetulia nusu saa. Ukiona mstari, juu njano na chini maji au uji wa kahawia, umepata ugonjwa. Toa tangi lote, lisuuze kwa dizeli mara mbili au tatu, na kila mara ulitikise ukiwa umeweka ndani konzi ya kokoto safi zinazokwangua kutu. Hakikisha kokoto zote zimetoka. Zihesabu unapoziweka na unapozitoa.

Badilisha filta ya mafuta. Filta ya karatasi haioshwi. Ukiiosha, uchafu unahamia upande wa ndani na safari ijayo unakwenda pampuni.

Sasa kutoa hewa. Dizeli haibanwi, hewa inabanwa. Povu moja likiwa ndani ya bomba, pampu inalibana na kuliachia, inalibana na kuliachia, na nozeli haifunguki hata upige hendeli mpaka magharibi. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Jaza tangi angalau nusu, fungua koki ya tangi.

2. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta. Yatatoka mapovu, kisha mafuta yenye mapovu, kisha mafuta matupu. Subiri yatoke matupu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, ndipo ukaze huku mafuta bado yanatoka.

3. Rudia kwenye bolti ya bomba linaloingia pampuni. Washa zake za shaba zikiwa zimeliwa, weka mpya. Washa iliyochoka haitoi mafuta nje kila mara. Mara nyingine inavuta hewa ndani bila tone kuonekana, na ndiyo maana watu hawaishuku.

4. Legeza nati ya bomba la presha upande wa nozeli, mzunguko mmoja tu. Weka akselereta kwenye mafuta mengi, shika dikompresha, piga hendeli. Mafuta yakianza kuruka kwa kukatakata bila mapovu, kaza.

5. Endelea kupiga hendeli dikompresha ikiwa imeshikwa, na umwambie aliye karibu anyamaze. Nozeli inatakiwa ilie: "krak... krak... krak," mlio mkavu, mara moja kila mizunguko miwili ya flaiwili.

Mlio huo ndio uthibitisho. Ukiusikia, mafuta yamefika yakiwa na presha. Usipousikia, rudia kuanzia namba 2 kabla ya kulaumu pampu. Kwa mashine iliyokaushwa tangi, kurudia mara tatu si ajabu.

Hatua ya 6: Nozeli

Kama hewa imetoka yote na mlio haupo, au upo lakini ni mzito kama kukohoa, toa nozeli. Ifunge tena kwenye bomba lake ikiwa nje, ncha ielekee mbali na wewe na mbali na kila mtu, kisha piga hendeli.

Tahadhari hii naiandika kwa uzito wake wote: usiweke mkono mbele ya nozeli. Dizeli inatoka kwa presha inayoweza kupenya ngozi bila kuacha jeraha la kueleweka, na kidole kinaweza kukatwa hospitali kwa sababu hiyo. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama huoni damu.

Nozeli nzima inatoa ukungu mwembamba uliosambaa, inakata ghafla, na ncha inabaki kavu. Nozeli mbovu inatoa mkondo kama bomba la bustani, au inabaki na tone linaloning'inia. Ukiona tone, jaribu kuiosha ncha kwa dizeli na kijiti laini cha mbao. Waya hautumiki. Ikishindikana, ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia nozeli, au nunua ncha mpya yenye namba ile ile.

Kisa kimoja kilinifundisha kuangalia shimo kabla ya kurudisha. Nilinunua pawatila iliyotoka kufanyiwa matengenezo makubwa, pistoni mpya na slivu mpya, na asubuhi ilikuwa inawaka kwa taabu ikitoa moshi mweupe. Wiki mbili nilihangaika nayo. Nilipomulika tochi ndani ya shimo la nozeli nikaona washa ya shaba ya zamani imenata chini, nyeusi kama jiwe, na juu yake imewekwa mpya. Nozeli ilikuwa imekaa juu kuliko inavyotakiwa na upepo unapita pembeni. Niliitoa ile ya zamani kwa ncha ya bisibisi, mashine ikawaka kwa pigo la pili. Mwenyewe wa kwanza aliiuza akiamini imekufa, baada ya kulipia vipuri ambavyo haikuvihitaji.

Kwa hiyo: washa moja, mpya, shimo limefutwa, na nati zote mbili za nozeli zinakazwa kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule.

Kama pampu iliwahi kutolewa

Chini ya pampu kuna karatasi nyembamba za kupangia muda wa mafuta kuingia. Si gasketi za kutupa. Ukizipunguza mafuta yanawahi, ukiziongeza yanachelewa. Kwa S195 mafuta yanatakiwa kuanza kupanda nyuzi 16 hadi 20 kabla pistoni haijafika juu, na alama zipo kwenye ukingo wa flaiwili. Hesabu karatasi ulizozikuta, rudisha zote.

Jambo la pili ni la hatari. Mkono wa kurekebisha mafuta kwenye pampu una kichwa cha duara, na lazima kiingie ndani ya uma wa gavana, kifaa kinachodhibiti mzunguko wa injini. Fungua kidirisha cha ukaguzi uone kwa macho yako kwamba kimeingia, kisha sogeza akselereta uone vinakwenda pamoja. Kikiwa nje ya uma, injini ikiwaka inapanda mzunguko bila kikomo mpaka ivunjike. Usiwashe kwa kubahatisha.

Plunja ndani ya pampu haifunguliwi nyumbani. Hapo kazi ni ya fundi pampu.

Hatua ya 7: Nafasi za valvu

Hii ndiyo kazi inayoogopwa bila sababu, na ndiyo inayorudisha nguvu kwenye mashine ambazo watu wamezikatia tamaa. Valvu isiyo na nafasi haifungi kabisa, kompresheni inapotea, na valvu yenyewe inaungua ukingo. Nafasi ikizidi, inagonga na kufunguka kidogo tu.

Injini iwe baridi. Fungua kifuniko cha valvu. Zungusha flaiwili taratibu ukiangalia valvu ya kuingiza ikifunguka, kisha ikifunga. Endelea mpaka alama ya juu kabisa ya pistoni kwenye flaiwili ilingane na alama iliyo kwenye mwili wa injini. Shika roka zote mbili (mikono inayobonyeza valvu) kwa vidole: zote zitikisike kidogo. Kama zimebana, uko kwenye mzunguko usio wake, zungusha mara moja kamili urudi kwenye alama. Dikompresha iwe imeachiwa, isije ikadanganya kipimo.

Kwa S195 injini ikiwa baridi, valvu ya kuingiza ni milimita 0.35 na ya kutolea ni milimita 0.45. Ya kutolea inapewa zaidi kwa sababu inakaa kwenye moto mkali na inarefuka zaidi. Pitisha fila geji kati ya roka na mguu wa valvu. Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu kwa bisibisi mpaka geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama kuvuta karatasi iliyo chini ya kitabu. Shikilia skrubu isigeuke, kaza nati, pima tena. Nusu ya watu wanasahau hilo la kupima tena, na kukaza nati ndiko kunakobadilisha kipimo.

Kama baada ya hapa valvu bado inavuja upepo, ndipo silinda hedi inatoka kwa ajili ya kusaga valvu kwa pesti.

Hatua ya 8: Maji ya kupozea

Usichote maji ya jaruba. Najua yako miguuni pako na kisima kiko mbali. Tope lake linatua kuzunguka slivu, na baada ya misimu miwili silinda inakuwa imevaa koti la udongo ambalo joto halipiti. Maji ya mvua ndiyo bora, yakifuatiwa na ya bomba.

Fungua koki ya chini, mwaga, chokonoa kwa waya mpaka maji yatoke kwa nguvu, suuza mpaka yatoke meupe.

Kama mashine yako ina tangi la maji lililo wazi na si rejeta, maji yake yatachemka ukiwa kazini. Hiyo ni kawaida yake, inapoa kwa kutoa mvuke. Wewe angalia boya: likishuka, ongeza. Yakikauka na injini ikapata moto kupita kiasi, usimwage maji baridi papo hapo. Ondoa mzigo, iache iungurume polepole, ipoe, ndipo uongeze kidogo kidogo. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinapasuka, na silinda hedi iliyopasuka hainyooshwi.

Hatua ya 9: Kuiwasha

Belti iwe imelegezwa au klachi imekatwa. Akselereta katikati. Shika dikompresha kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ushike hendeli na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke. Hendeli ikirudi nyuma inakiponda gumba kilichozunguka.

Zungusha kwa kasi inayoongezeka mpaka usikie nozeli inalia, kisha achia dikompresha ukiwa bado unazungusha kwa nguvu. Ikiwaka, hendeli inajitoa yenyewe. Usiiachie mkononi iruke.

Macho yako yaende mara moja kwenye kitufe chekundu cha oili juu ya injini. Lazima kipande ndani ya sekunde chache. Kisipopanda, zima.

Angalia pia moshi unatokea wapi. Injini hizi, ukipiga hendeli kwa uvivu ikarudisha, zinaweza kuwaka kinyumenyume. Moshi utatoka kwenye chujio la hewa, mlio utakuwa mzito, na kitufe cha oili hakitapanda kwa kuwa pampu ya oili nayo inazunguka kinyume. Zima haraka, kila sekunde inakula beringi.

Na ikipanda mzunguko yenyewe bila kutii akselereta, lile blanketi ndiyo kazi yake: ziba njia ya hewa nalo, ubonyeze. Bila hewa inakufa. Ukishindwa, legeza nati ya bomba la presha kwa spana. Usikimbilie kufunga koki ya tangi, mafuta yaliyomo kwenye filta yanatosha kuivunja. Usitumie kiganja kuziba.

Iache iungurume dakika tano bila mzigo. Moshi mweupe wa mwanzoni unaisha wenyewe. Ukiendelea, rudi kwenye maji ndani ya mafuta, nozeli, au kompresheni ndogo. Moshi mweusi unasema mafuta mengi kuliko hewa: chujio chafu, nozeli inayochuruzika, au umeibebesha mzigo mkubwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na kama hukuzidisha oili kwenye bakuli la chujio, hapo ringi na slivu zinafikiriwa kwa haki.

Hatua ya 10: Belti, gia na ndege za kulimia

Bonyeza belti katikati kwa kidole gumba. Ishuke milimita 20 hadi 30. Ikilegea zaidi inateleza na kuungua, ikibana zaidi inaua beringi. Belti zinabadilishwa zote kwa pamoja, kwa sababu mpya moja kati ya kuukuu mbili inabeba mzigo peke yake na kukatika. Nyoosha uzi kutoka puli ya injini hadi puli ya klachi: uzi uguse kingo zote. Usiguse belti wala kuikagua kwa mkono injini ikiwa inaunguruma.

Gia boksi iliyofanya kazi kwenye maji huingiwa na maji kupitia sili za ekseli. Iache ilale usiku kucha, asubuhi legeza plagi ya chini pole pole. Maji yakiwepo yatatangulia kutoka kabla ya oili. Yakitoka, mwaga yote, badilisha sili, weka oili mpya.

Ndege, yaani visu vya kulimia, zina mkunjo wa kushoto na wa kulia; piga picha kwa simu kabla ya kuzifungua. Kaza bolti zake kila asubuhi ya kulima.

Unapoijaribu barabarani, kumbuka mteremko. Kwenye tambarare ukibana mkono wa kushoto mashine inakata kushoto. Kwenye mteremko mkali ukibana kushoto inakata kulia, kwa kuwa gurudumu uliloliachia ndilo linalokimbia zaidi. Watu wameumia kwa kutolijua hilo, hasa wakiwa na tela. Kwenye mteremko weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, elekeza kwa kusukuma mpini kwa nguvu za mwili, na usibane klachi za kukatia kona.

Kuilaza baada ya msimu

Osha. Badilisha oili ikiwa bado ya moto, ili uchafu utoke nayo, kisha iwashe dakika mbili ili oili mpya ifike kila mahali. Mwaga maji yote. Jaza tangi la mafuta mpaka juu, unyevu ukose mahali pa kuganda. Legeza belti. Paka grisi kwenye ndege na kila chuma kilichopoteza rangi. Iweke juu ya mbao, chini ya paa, na ufunike mdomo wa ekzosi kwa kopo.

Mwisho zungusha flaiwili kwa mikono mpaka ukutane na ule uzito wa hatua ya 2, uiache hapo hapo. Valvu zote mbili zimefungwa, unyevu hauna njia ya kufika kwenye slivu. Mara moja kwa mwezi izungushe mara kumi dikompresha ikiwa imeshikwa, kisha uirudishe kwenye uzito huo.